Kiambatisho Nilichokiruka

Nianze na dole gumba, maana hilo chuoni hamkufundishwa.

Mtu aliyechuna mdalasini maisha yake yote, dole lake limelika. Mistari imefutika, halafu kuna utomvu umekauka ndani ya nyufa za ngozi. Ukilichovya kwenye pedi ya wino na kulibandika kwenye fomu, unapata doa jeusi tu, kama panya kakanyaga. Wanasheria wakiliona wanaikataa fomu, nawe unarudishwa mlimani. Kwa hiyo kwanza mpe limau asugue mikono, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha akauke kabisa. Wino uwe kidogo kuliko unavyodhani. Dole lianzie ubavuni, liviringishwe taratibu hadi ubavu wa pili, mara moja, bila kukandamiza. Na usimshike mtu mkono kwa nguvu. Anakupa dole lake, humnyang'anyi.

Hayo nilikuja kuyajua vizuri sana. Ningeyajua na mengine vizuri hivyo, labda nisingekuwa na la kuwaandikia leo.

Mjukuu wangu Rehema amemaliza mafunzo ya uhazili na anaanza kazi kwenye ofisi moja hapa Morogoro mjini. Yeye na wenzake watatu waliomaliza pamoja wameniomba niwaandikie mambo ya kazi. "Ila bibi," akaniambia, "usituandikie mahubiri." Nitajaribu. Mimi kuongea mbele ya watu siwezi, tangu shule siwezi, lakini kuandika naweza. Shajara naandika tangu nikiwa kidato cha pili, na madaftari yote ninayo kwenye sanduku chini ya kitanda. Mengine yana aibu kusoma.

Nilikuwa katibu muhtasi kwenye kampuni moja ya viungo pale Kihonda kwa miaka ishirini na tisa. Tulikuwa tunapokea mdalasini, pilipili manga, karafuu na iliki kutoka milimani, tunasafisha, tunasaga, tunafungasha. Jambo moja mlijue mapema, kwa sababu yote yananing'inia hapo. Kampuni ilipoanza haikuwa na mtaji, kwa hiyo misimu ya mwanzo wakulima walilipwa nusu fedha, nusu hisa. Ndivyo wachuna mdalasini wa Kinole walivyokuwa wenye kampuni. Mama yangu mkubwa, Zena, hati yake ya hisa aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana wajukuu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Tekla, mwanamke mrefu aliyetembea kama ana haraka hata akienda chooni. Wiki ya kwanza nilichapa ripoti nzima ya bodi, kurasa kumi na moja, kwa taipureta, karatasi ya kaboni nimeigeuza. Nakala haikutoka kwenye karatasi ya pili. Ilitoka nyuma ya ile ya kwanza, maneno yote yakisomeka kinyume. Bi Tekla akaiinua, akaitazama muda mrefu.

"Mwajuma, bodi yetu ina watu saba," akasema. "Utawanunulia vioo saba?"

Nilikwenda kulia stoo, nyuma ya magunia ya pilipili manga, na hapo si mahali pazuri pa kulia. Nilirudi macho mekundu maradufu. Bi Tekla akanipa kaboni mpya na chai.

Yeye ndiye aliyenipa sheria moja niliyoishika hadi mwisho. "Barua ya bosi ukishaifunga, umeisahau. Mumeo akikuuliza mchana ofisini mlikula nini, mwambie hujui." Mimi sheria hiyo ilinifaa mno. Wengine waliona tabu kunyamaza, mimi niliona raha. Bodi ikasema Bi Mwajuma ni mwaminifu, hana maneno, na mara mbili nikapewa cheti cha mfanyakazi bora. Nasema kweli, sehemu kubwa ya uaminifu ule ilikuwa woga. Nilikuwa naogopa hata kuomba likizo. Naandika barua ya kuomba, naibeba kwenye pochi wiki nzima, narudi nayo nyumbani.

Mihtasari ya vikao je? Hiyo mtaiandika sana, ninyi mkiwa na kompyuta zenu na simu za kurekodi. Ukipenda, muhtasari unaweza kumzika mtu akiwa hai. Kuna sentensi moja inaitwa "Swali liliulizwa na kujibiwa." Ni sentensi nzuri, fupi, haimkosei mtu. Nimeiandika mara nyingi sana. Mara moja kati ya hizo ndiyo inayoniamsha usingizini.

Sasa nije kwenye muungano.

Kampuni kubwa kutoka Dar es Salaam ilileta pendekezo. Kampuni mbili ziwe moja. Wanahisa wetu wangerudisha hisa zao na kupewa hisa za kampuni kubwa, chache kuliko walizorudisha. Bodi ikapendekeza tukubali, kwa ushauri wa meneja mkuu wetu, Bwana Sospeter. Msimfikirie Bwana Sospeter kuwa mtu mbaya wa kwenye sinema. Mama yangu alipofariki ndiye aliyetoa gari la kampuni kuupandisha mwili mlimani, na yeye mwenyewe alisukuma gari hilo lilipokwama kwenye matope, na suruali yake nzuri.

Waraka wa kuwaelezea wanahisa uliandikwa na wanasheria, kwa Kiingereza, mnene kama kitabu cha simu cha zamani. Bwana Sospeter akaniita.

"Bi Mwajuma, wazee wetu hawawezi kusoma hili. Tengeneza kurasa mbili za Kiswahili."

Nikausoma wote, siku tatu. Nilikuwa na kamusi mezani, na mahali nisipoelewa nilisoma tena. Kiambatisho cha mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kilikuwa kinahusu mambo mawili. La kwanza ni malipo ya meneja mkuu. Muungano ukipita, mkataba wake unavunjwa na analipwa kwa mkupuo mshahara wa miaka kadhaa, kisha anapewa mkataba mpya kwenye kampuni kubwa, na nyumba na gari. Usipopita, hapati kitu. La pili ni kwamba kampuni kubwa haifungwi kuendelea na kiwanda cha Kihonda wala ghala la kununulia la Kinole baada ya msimu wa kwanza.

Nilikielewa. Hapo sitaki kujificha. Yule aliyewashauri wanahisa wakubali ndiye aliyekuwa na cha kupata wakikubali, na ghala ambalo mama mkubwa alilifikia kwa miguu kabla chai haijapoa lilikuwa halina mtu wa kulitetea kwenye karatasi yoyote.

Nikaenda ofisini kwake na rasimu yangu. "Bwana meneja, kiambatisho cha mwisho nacho nikitafsiri?"

Hakukasirika. Hata hakuinua kichwa. "Kile ni mambo ya wanasheria. Utawachanganya wazee bure. Kiache."

"Sawa, bwana meneja."

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara nyingi.

Ili muungano upite zilihitajika robo tatu za kura, na wanahisa wengi walikuwa mlimani. Mkutano uliitishwa majira ambayo karafuu iko juani na mtu haachi majamvi yake kwenda kukaa ukumbini mjini. Kwetu watu wa milimani, asiyeweza kushuka humtuma mtoto wa ukoo na kauli yake. Na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi kwa mama mkubwa Zena si mpwa wa kuja na kuondoka, ni kama wa tumboni kwake. Ofisini walilijua hilo. Ndiyo maana fomu za uwakilishi hazikupelekwa na karani wa masoko mwenye pikipiki. Nilipelekwa mimi.

Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku viwili, nakubali na nakataa. Ukiviacha wazi, mwenyekiti wa mkutano anakupigia kura anavyoona yeye. Bwana Sospeter akaniagiza, "Usiwasumbue na visanduku. Dole linatosha."

Nilizunguka Kinole siku nne na limau langu na pedi ya wino. Hakuna aliyeniuliza jambo gumu. Niliwasomea zile kurasa zangu mbili, wakaitikia, wakatia dole. "Kama ni Mwajuma kaleta, shida iko wapi," alisema mzee mmoja, na mkewe akadakia, "Huyu tangu mdogo hasemi, akisema basi jambo ni la kweli." Wakacheka. Nami nikacheka.

Kwa mama mkubwa nilifika wa mwisho. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anachuna.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

Nikamsomea. Alisikiliza kisu kikiwa kimesimama hewani. Nilipomaliza akauliza, "Na ghala letu?"

"Bodi imependekeza muungano kwa faida ya wanahisa wote," nikasema. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ukurasa wa pili. Niliiandika mwenyewe.

"Sijaiuliza bodi. Bodi siijui. Nimekuuliza wewe uliyesoma. Hili jambo ni jema?"

Mbele yangu kulikuwa na kuku mmoja mwekundu anadonoa maganda. Nilimtazama kuku yule kwa makini sana.

"Mimi naona halina tabu," nikasema.

Kisha akaomba limau. Dole lake halikutoka. Mara ya kwanza doa, mara ya pili doa, nikaharibu fomu mbili.

"Linakataa," akasema. "Labda halitaki."

"Ni utomvu tu, mama mkubwa."

"Haya, basi ni utomvu." Akasugua tena, akafuta kwa upindo wa kanga, na mara ya tatu likatoka safi, mistari yote unaiona. Lilikuwa dole zuri kuliko yote niliyokusanya. Aliniongezea ndizi za kushuka nazo.

Shajara yangu ya siku ile ninayo hapa. Imeandikwa hivi tu: "Leo nimemaliza fomu. Mama mkubwa kanipa ndizi. Miguu inauma."

Mkutano ulifanyika ukumbini mjini. Waliofika walikuwa wanahisa wa karibu, wafanyakazi, wastaafu, na wachache walioshuka. Mimi nilikaa mezani pembeni kuandika muhtasari. Akasimama Mwalimu Kibwana, mstaafu, aliyenunua hisa kwa mafao yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kujua. Muungano huu ukipita, meneja wetu yeye anapata nini?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Mwalimu, yote yamo kwenye waraka."

"Waraka ni wa Kiingereza, na mimi nilikuwa nafundisha hesabu. Kwenye zile kurasa mbili za Kiswahili sijaona."

Mwenyekiti akanitazama. Bwana Sospeter akanitazama. Mwalimu Kibwana akafuata macho yao, naye akanitazama. Nikainamia daftari.

"Tunaendelea na ajenda," mwenyekiti akasema.

Nami nikaandika: Swali liliulizwa na kujibiwa.

Mikono ilipoinuliwa, ukumbi ulikataa. Ilionekana wazi bila hata kuhesabu. Ndipo mwenyekiti akaomba kura zipigwe kwa hesabu ya hisa, si ya vichwa, na fomu za uwakilishi zikaletwa, rundo langu, limefungwa kwa mpira mwekundu niliounyoosha mwenyewe asubuhi ile. Waliokuwepo walikataa, wasiokuwepo wakakubali. Muungano ukapita.

Mwalimu Kibwana alipotoka alipita mezani kwangu. Nilidhani atanitukana. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Muhtasari uuandike vizuri, binti." Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Hakuna aliyeniita binti siku nyingi, na sijawahi kusikia neno hilo likiwa zito vile.

Ghala la Kinole lilinunua msimu mmoja, likafungwa. Mashine za Kihonda zilibebwa kwa malori mawili kwenda Dar es Salaam, na mimi nikastaafishwa pamoja na mlinzi na makabati. Wachuna mdalasini sasa wanawauzia watu wenye gari na mizani yao wenyewe, bei wanakuja nayo. Hisa bado wanazo, ndiyo, chache, za kampuni inayofanya mikutano yake hotelini, mbali.

Na mimi nilipata changu. Hili Rehema halijui, na atalisomea hapa. Kulikuwa na posho ya asante kwa walioshughulikia muungano. Nilinunua friji. Ndilo hilo lililoko sebuleni, Rehema, ambalo huwa unasema linanguruma kama mzee analalamika. Bado linagandisha vizuri.

Bwana Sospeter nilikutana naye sokoni mwaka fulani, amekuja kutembea. Alinifurahia kweli. Aliniulizia watoto kwa majina, wote. Kisha akasema, "Bi Mwajuma, ile kazi tuliifanya vizuri." Nilikuwa na kikapu mkononi. Nikaitikia, "Ndiyo, bwana meneja." Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nalitafuta jibu jingine, kama mtu aliyeangusha funguo.

Miaka mingi nilijitetea kwa sheria ya Bi Tekla. Nilijiambia nilitunza siri ya ofisi. Siku moja nikiwa naosha vyombo ndipo nikaona, na sahani ikabaki mkononi. Kile kiambatisho hakikuwa siri. Kilichapishwa kwa ajili ya wanahisa. Sheria ya nchi ndiyo iliyolazimisha kiwemo, ili watu kama mama mkubwa wajue anayewashauri anapata nini. Ilikuwa barua yao, yenye jina lao juu, na mimi ndiye niliyeifunga kabla hawajaisoma. Bi Tekla, alivyokuwa, angeniinulia tena ile karatasi iliyosomeka kinyume. Siri ya bosi na haki ya mwenye kampuni zilikuwa mezani pangu pamoja, nami sikuzitenganisha, kwa sababu kutenganisha kulihitaji kufungua mdomo.

Basi ninyi, mkipewa waraka wa kufupisha, someni mwisho kwanza. Maneno mazito hayakai mbele. Mkiambiwa acheni ukurasa, ulizeni ukurasa ule ni wa nani. Na kwenye muhtasari andikeni swali lenyewe, maneno ya mtu yalivyotoka, hata kama jibu halikutolewa. Hasa kama halikutolewa. Mtaogopa. Mimi siwezi kuwaambia woga unaisha, wangu haujaisha.

Mwezi uliopita nilipanda Kinole. Niliubeba waraka wa zamani, nakala yangu, na nilikuwa nimekitafsiri kiambatisho chote kwa mkono, kurasa tano. Mama mkubwa hachuni tena, macho yamepungua, anakaa tu na kuwasikiliza wengine wakichuna. Nikamsomea chote. Malipo ya meneja, nyumba, gari, ghala.

Nilipomaliza nikamwambia, "Mama mkubwa, siku ile nilikuwa nayajua haya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua kwamba ulikuwa unajua. Ulimtazama kuku." Akacheka kidogo, bila meno. "Kuku mwenyewe hata hakuwa mzuri."

Sikuweza kucheka. "Sasa mbona ulitia dole?"

Ndani ya nyumba mtu alikuwa anatwanga, na kinu kilisimama kama vile nacho kinasikiliza.

"Ulikuwa umepanda mlima wote ule na begi," akasema. "Umetumwa na watu wako wa kazi. Ningekurudisha kwao na karatasi tupu, wakufanyeje? Mimi muungano sikuutilia dole. Nilikutilia wewe."

Nilikaa pale chini miguuni pake, mtu mzima mwenye wajukuu, na sikupata la kusema, na safari hii haukuwa woga.

Baadaye akanituma ndani nimletee kopo la maziwa. Kulikuwa na bahasha mpya, ya ile kampuni kubwa, haijafunguliwa. Aliipapasa kwa vidole, akaitambua, akanikabidhi. Nikaichana, nikatoa karatasi, nikasafisha koo nianze pale juu penye nembo.

"Hapana, mwanangu," mama mkubwa akasema. "Anzia nyuma."

Nikazigeuza, nikaanza kusoma.